Mke Mdogo wa Jikoni

Asubuhi hiyo kahawa ilitoka imeungua. Haukuwa ule uchungu ambao wanywaji huusifia huku wamefumba macho. Ilikuwa ladha ya kitu kilichosahauliwa motoni, na povu juu ya kikombe lilikuwa jeusi mahali palipotakiwa rangi ya asali. Emsii aliionja, akakunja uso, akaimwaga yote kwenye sinki. Alipoweka kiganja juu ya mashine akakiondoa haraka.

"Mke wangu," akaita, "hii mashine umeiwasha saa ngapi?"

"Mashine yako na mimi wapi na wapi?" mkewe akajibu kutoka chumba cha kushonea, alikoingia sasa hivi na chai yake kutoka jikoni. "Mimi mtu wa chai. Kwani ina nini?"

"Ina homa."

"Basi mpeleke hospitali mkeo."

Wakacheka, kila mmoja chumbani kwake. Emsii alikuwa ameibonyeza swichi dakika ile ile na taa ya kuonyesha kwamba maji yamepata moto ilikuwa haijawaka. Lakini nani hujiuliza habari za taa asubuhi, kabla hajapata kahawa yake?

Emsii lilikuwa jina lake la kazini na la mtaani pia. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, mtu wa suti na kipaza sauti, anayeweza kuwaweka meza moja mashangazi wasiosalimiana na mwisho wa shughuli wakalishana keki. Mdomo ndio uliomjengea nyumba. Mkewe alishona magauni ya maharusi, na kwa sababu hakuonekana bila sindano kifuani, watu walimwita Mama Sindano. Walikutana kazini. Yeye alikuwa amepiga magoti nyuma ya pazia, anashona pindo la bibi harusi lililokanyagwa, na Emsii alikuwa mbele anawachekesha wageni ili wasione. Tangu siku hiyo waliishi kwa utani. Mgeni akiwasikia alidhani wanagombana, akaaga mapema.

Mashine yenyewe ilikuja kwa njia ya ajabu kidogo. Kulikuwa na harusi ambayo bwana harusi hakutokea. Emsii alisimama mbele ya ukumbi uliojaa, akatania mpaka utani ukamwishia, akawapigisha watu makofi ya bure, hadi bibi harusi mwenyewe alipoinuka, akavua shela na kutoka kwa mlango wa nyuma. Zawadi zilirudishwa kwa wenyewe, isipokuwa mashine moja ya espreso, nzito, ya chuma kinachong'aa, ambayo hakuna aliyekiri kuileta. Shangazi wa bibi harusi alimsukumia Emsii mikononi.

"Chukua wewe," alisema. "Sisi hatutaki hata kuiona."

Emsii alipenda kahawa, na vya bure alivipenda zaidi. Akachukua.

Aliyekuja kuifunga alikuwa shemeji yake, mdogo wake Mama Sindano, fundi wa vyombo vya umeme. Ilikuwa mchana wa mapumziko, na jirani mmoja alikuwa ameingia kufuata harufu. Kikombe cha kwanza kilitoka kizuri hata Emsii akaibusu mashine pale usoni.

"Hiki si chombo," akasema. "Huyu ni mke mdogo."

"Muoe basi," Mama Sindano akasema, anamenya chungwa mlangoni. "Na mimi nipumzike."

Shemeji alikuwa mtu wa mizaha kama dada yake. Akajitupia taulo la jikoni begani, akakohoa kama kadhi, akamshika Emsii mkono. "Nimekuozesha huyu wa ndani ya chuma, kwa mahari ya pakiti moja ya kahawa. Umekubali?"

Hapo Emsii angeweza kucheka tu yakaisha. Lakini mtu wa jukwaani hawezi kuachia mzaha nusu. Akanyoosha mgongo, akashusha sauti, akasema kwa ule uzito anaousikia kwa mabwana harusi kila wiki, "Nimekubali kumuoa." Jirani akasema yeye ni shahidi. Mashine ikatoa mvuke, fyuuu, ndefu, na wote wakacheka mpaka machozi.

Sasa ndiyo ile imeanza kuunguza kahawa.

Emsii akafanya yale ambayo kila mtu hufanya kabla ya kukubali kwamba jambo limemshinda. Aliisogeza mbali na ukuta ipate hewa. Alipitisha maji matupu, vikombe kwa vikombe, ili boila lipoe. Alihakikisha swichi ya mvuke haijakwama. Mwisho aliijaza maji ya ndimu ili kutoa magamba ya chokaa, maana alisikia chokaa ikiganda ndani huzuia joto kutoka. Magamba hayakutoka. Zilitoka nyuzi nyeusi, nyembamba na ndefu, zimejiviringisha chini ya bakuli. Akazinyanyua kwa kijiko. Akajiambia ni nyuzi za kushonea, zimepeperuka huko chumbani, ingawa mkewe alikuwa anashona gauni jeupe na ndani ya nyumba hakukuwa na uzi mweusi.

Cha kushangaza, kuna nyakati mashine ilikuwa nzuri kabisa. Emsii akiwa peke yake jikoni, kahawa ilishuka taratibu, povu la asali, kikombe cha kupigia picha. Mkewe ndiye aliyeligundua hilo. Aliingia asubuhi moja kuchemsha maji yake ya chai, akasimama ghafla.

"Usiondoke hapo," akamwambia mumewe. "Angalia hiyo saa yake."

Usoni mwa mashine palikuwa na saa ndogo ya presha, sindano yake imelala kwenye rangi ya kijani. Mama Sindano alirudi nyuma, akavuka kizingiti. Sindano haikutikisika. Akaingia tena, na wakaiona inapanda, polepole, bila haya, mpaka kwenye nyekundu, na boila likaanza kunguruma. Akatoka, ikashuka. Akaingia, ikapanda. Mara ya mwisho hakuwa anatabasamu tena.

"Inanichukia," akasema kwa sauti ya chini.

"Chuma hakimchukii mtu."

"Basi inakupenda wewe. Ni yale yale."

Emsii aliizima mashine. Siku hiyo hiyo alimpigia shemeji.

Shemeji alikuja na mkoba wake, akaifungua mashine mgongo, akaipanga vipande vipande juu ya gazeti. Alikuwa anapenda kueleza anachofanya. "Hiki kidude ndicho themostati," alisema. "Boila likipata moto wa kutosha, hiki ndicho kinachosema basi. Chako hakisemi basi. Au kinasema, mwenyewe hasikii." Akaweka kipya. Akasafisha valvu ya mvuke, akabadilisha mpira uliokauka, akakaza waya. Alipoiwasha, sindano ilitulia kwenye kijani, ikakaa hapo tulivu kabisa, naye akajifuta mikono na kumwita dada yake aje aone kazi ya mdogo wake.

Mama Sindano akaja na glasi ya maji ya kumpa.

Boila lilinguruma kabla hajafika mezani. Sindano ikaruka. Shemeji akazima swichi, sindano ikazidi kupanda. Akachomoa plagi ukutani, akabaki ameishika mkononi, waya unaning'inia, anaangalia sindano inavyosukuma ukingo wa saa na mvuke unavyotoka kila penye upenyo, na katika mvuke ule kulikuwa na harufu ya maua, ile ya yasmini inayowekwa kichwani mwa bibi harusi, na chini ya maua kulikuwa na harufu nyingine, ya nywele zinazoungua.

"Toka dada," akasema taratibu. "Toka humu ndani. Usigeuke."

Dada akatoka kinyumenyume. Mashine ikapoa.

"Shemeji," fundi akanong'ona. "Siku ile hapa tulicheza mchezo gani?"

"Mzaha tu ule."

"Mimi nilikuozesha."

"Ulikuwa na taulo begani, bwana. Kadhi gani wa taulo?"

Shemeji alianza kukusanya vifaa vyake kwa haraka hata bisibisi ikamponyoka, akaiacha ilipoangukia. "Mimi ni fundi wa bisibisi tu," alisema. "Hapa anatakiwa fundi wa kisomo, wa kutoa majini. Nitakutafutia. Lakini usimwache dada yangu peke yake na kitu hiki."

Emsii aliona kungoja ni ujinga. Kesho yake asubuhi aliifunga mashine kwa shuka kuukuu, akaitia kwenye buti ya gari, akafunga kwa ufunguo. Alinuia kuipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mbali, ng'ambo ya mji, wakaigonge nyundo. Njiani alipitia ukumbini mara moja kujaribu vipaza sauti vya shughuli ya jioni. Alikuwa jukwaani, anahesabu moja mbili, moja mbili, simu ilipoita. Alikuwa mkewe, na alikuwa anaongea huku anahema.

"Umerudi saa ngapi?"

"Sijarudi. Niko ukumbini."

"Usinitanie leo. Tafadhali."

"Sikutanii. Kuna nini?"

"Umeniita. Sasa hivi. Nilikuwa naweka mikono ya gauni, ukaniita kutoka jikoni. Ukasema, mke wangu, njoo uonje hii."

Emsii akashikilia kisimamio cha kipaza sauti. "Mke wangu, usiende jikoni."

"Nimeshakwenda," mkewe akasema, na hapo ndipo akaanza kulia. "Nimeenda, kikombe kilikuwa kimewekwa, nikanyoosha mkono. Mkono wangu, baba. Mkono wangu wa kulia."

Emsii alikimbilia kwenye gari. Buti ilikuwa imefungwa vile vile alivyoifunga. Alipoifungua, shuka lilikuwa limelala humo bapa, limelowa, na bado lilikuwa na uvuguvugu.

Daktari aliufunga mkono ulioungua kwa bandeji kuanzia vidole hadi kiwiko. Alisema ngozi itarudi, ila kuhusu vidole kukunja na kushika mkasi hakutaka kuahidi. Mama Sindano alimsikiliza, akashukuru, na njiani akalia. Hakuwa mtu wa kulia hovyo. Alipolia, alilia kwa kuvuta pumzi kidogo kidogo puani, kama mtu asiyetaka kuwasumbua wengine, na Emsii, aliyeweza kuunyamazisha ukumbi mzima, hakuwahi kujua la kufanya na kilio kile. Alimshika bega tu, akasema basi, basi.

"Nisikilize," mkewe alimwambia walipofika. Hawakuingia ndani, walikaa kwenye ngazi za mlangoni. "Utani wako nimeupenda miaka yote. Ndio ulioniingiza humu. Lakini huu umenila mkono, na nyumbani kwangu siwezi kukaa na mwenzangu nisiyemwona. Akibaki yeye, naondoka mimi. Sikutishi. Nakwambia."

"Haondoki mtu ila yeye," Emsii akasema. Aliogopa. Hakuwa anaogopa jini hasa. Kilichomwogopesha ni kuirudia nyumba hii jioni, na suti yake, na vichekesho vyake, na pasiwe na mtu wa kumwambia kwamba havichekeshi.

Fundi wa kisomo aliyeletwa na shemeji alikuwa mwanamke mfupi mwenye duka la miwani, na yeye mwenyewe alivaa miwani mizito iliyofanya macho yake yaonekane yamekaribia. Watu walimwita Mama Miwani. Alifika alasiri, akaomba kiti, akaweka mkoba mapajani kama mtu anayengoja zamu yake benki. Aliitazama mashine kutoka mlango wa jikoni. Mashine ilikuwa pale pale pa siku zote, safi, plagi imelala sakafuni.

"Nani aliozesha?" akauliza.

Shemeji akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi.

"Mashahidi?"

"Jirani," Emsii akasema. "Na mke wangu alikuwepo."

"Mahari ulitoa?"

"Pakiti ya kahawa. Mzaha tu, mama."

"Hiyo kahawa iko wapi?"

"Tuliisaga. Tukaitia humo humo."

"Basi aliila," Mama Miwani akasema, akashusha pumzi. "Mwanangu, nimeona wanaume wengi wenye majini. Wengi wao wamependwa bila kuomba. Wewe umeposa. Kitu hiki kilikuja harusini kuolewa, hakikuolewa, kikakaa na hasira zake ndani ya chuma, na wewe kwa mdomo wako mwenyewe ukakipa mume. Kazi yako maneno, na hujui kwamba kuoa na kuacha havina mzaha?"

Emsii aliinamisha kichwa. "Niambie la kufanya."

"Cha ndoa hukatwa kwa talaka. Mimi nitasoma, wewe utamuacha. Utasema hivi: wewe wa ndani ya chuma, nimekuacha. Basi. Usiongeze chumvi, hapa si ukumbini. Na neno mke usilitie mdomoni kabisa. Humu wake ni wawili, na talaka ikishatoka haiwezi kuning'inia hewani, lazima imwangukie mmoja."

Mama Sindano alipelekwa chumba cha kushonea, mdogo wake akae naye, mlango ufungwe. Kabla hajaingia alimtazama mumewe, na kwa mkono wake mzima akamweka sawa kola ya shati.

Mama Miwani akaanza kusoma, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka. Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani na kulala mezani. Mwanzoni hapakuwa na kitu, matone ya bomba tu yakidondoka kwenye sinki, na Emsii akasimama mbele ya mashine akirudia moyoni maneno yake, wewe wa ndani ya chuma, wewe wa ndani ya chuma. Kisha matone yakaacha kudondoka. Boila lilianza kunguruma, taratibu, mngurumo aliousikia miguuni kabla ya masikioni, na sindano ikajiinua kwenye kijani ikaenda kwenye nyekundu bila kusita, na mvuke ukaanza kuvuja, kwanza uzi mmoja, kisha nyuzi nyingi, ukapanda mpaka ukalifunika dirisha na kulizima jua, na harufu ya yasmini ikajaa jikoni, na katika ule uso wa chuma uliong'aa akajiona mwenyewe, mdogo, amepinda, na kando yake, bega kwa bega, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akaona kichwa kilichofunikwa shela, kimeinama kidogo kumwelekea yeye.

"Sema," Mama Miwani akanong'ona katikati ya kisomo.

Akafungua kinywa. Na hapo hapo kikasikika kilio.

Hakikuwa kilio cha jini. Angekuwa amejiandaa kwa kilio cha jini. Kilikuwa cha pumzi kidogo kidogo puani, kama cha mtu asiyetaka kuwasumbua wengine, na kilitoka kwenye mvuke ule mbele yake, karibu, karibu kabisa na kifua chake, na ingawa alijua, ingawa akili yake yote ilikuwa inamwambia kwamba mkewe yuko chumbani, mlango umefungwa na mdogo wake yuko naye, moyo haukungoja akili, na ulimi, ambao hauna mfupa, na ambao kwa kilio kile umezoea jambo moja tu miaka yote, ukatangulia.

"Basi, basi, mke wangu," akasema. "Usilie. Nimekuacha."

Kilio kikakatika.

Mngurumo ukafa. Sindano ikaanguka mpaka chini, mvuke ukanywea, na jua likarudi mezani lilipokuwa. Emsii alinyoosha kidole kwa woga, akagusa chuma, kisha akaweka kiganja kizima. Kilikuwa baridi kama kijiko kilichotoka kabatini. Akacheka. Alicheka kwa sauti, akafuta jasho kwa mkono wa shati, akageuka kumshukuru Mama Miwani.

Mama Miwani alikuwa amevua miwani. Hakuwa anamtazama yeye, alikuwa anatazama mlangoni.

Mkewe alikuwa amesimama kizingitini, na nyuma yake mdogo wake ameshika kichwa.

"Nilimzuia, shemeji," akasema kwa sauti ndogo. "Ulimwita. Wote tumekusikia. Ulisema, njoo, imekwisha."

"Sikuita mimi."

"Sasa najua," Mama Sindano akasema. Uso ulikuwa umemtoka rangi, lakini sauti yake ilikuwa imetulia. "Hilo la kuniita hukulisema wewe. Hilo la pili je?"

"Nilikuwa namwambia yeye. Alilia kwa sauti yako. Wallahi, mke wangu, alilia kwa sauti yako, nikateleza."

"Umeteleza." Akatikisa kichwa polepole. "Yeye ulimuoa kwa mzaha, ikawa ndoa. Mimi umeniacha kwa kuteleza, itakosaje kuwa talaka?"

Emsii alimgeukia Mama Miwani, akimngoja aseme kwamba sivyo. Mama Miwani akainamisha uso. Mama Sindano akaingia chumbani, akatoka na mkoba wake mmoja na mkasi wake, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umefungwa, mdogo wake alimsaidia kufunga kitambaa cha kichwani. Alifanya hivyo huku analia waziwazi, maana yeye ndiye aliyeozesha. Kisha akatangulia kuwasha gari. Dada yake akapita sebuleni, akashuka zile ngazi, akashika njia ya lango.

"Umegeuka mti?" Mama Miwani akamwambia Emsii. Alikuwa amekaa chini, amechoka, na aliinua uso kwa shida. "Talaka ni moja. Moja hurejewa. Mkimbilie umrejee kabla hajatoka lango lako, neno moja tu linatosha. Nenda."

Akakimbia. Alipiga goti kwenye kona ya meza, akarusha kiti, akatokea nje bila viatu. Mkewe alikuwa ameshafika langoni, mkoba begani, mkono mzima uko kwenye komeo. Gari lilikuwa linanguruma nje. Emsii alitaka kusema yote kwa pamoja, nimekurejea, nisamehe, nimekurejea, na pumzi ilikuwa imemwisha, akaanza pale alipozoea kuanzia siku zote.

"Mke wangu," akaita.

Mama Sindano akasimama. Hakugeuka, lakini mkono wake ulitulia kwenye komeo na mabega yakamshuka, na Emsii, aliyemjua mwanamke yule kwa mgongo kama alivyomjua kwa uso, akaona kwamba anangoja neno linalofuata na kwamba akilisikia atarudi.

Kabla hajalisema, sauti laini ya kike ikaitika kutoka jikoni.

"Abee."